NYUMBA YA MWANASESERE NA MITI YA MKOKONI

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kaskazini mwa Lamu, kikielekeana na kisiwa cha Kiwayu. Jina lenyewe lajieleza: ni mahali pa mikoko. Mwenye kutaka kujua nyumba za mwambao zimetoka wapi hana budi aanzie mahali kama hapa, kwani mikoko ndiyo iliyotoa nguzo, boriti, mazio, pau na fito. Miti hiyo iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini hata Arabuni na Ghuba, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Siku hizi iko nyumba inayosafiri kinyume chake. Hiyo yatoka ng'ambo, imo ndani ya kasha. Ni nyumba ya mwanasesere, ambayo mzazi huinunua vipande vipande, kisha yeye na mwanawe wakaiunga na kuipaka rangi. Kule Ulaya mchezo huu ulianzia kwa wakubwa: Malkia Mary wa Uingereza alijengewa nyumba ya namna hii kati ya 1921 na 1924 na msanifu Edwin Lutyens, na mpaka leo iko katika ngome ya Windsor.

JE, YAFAA?

Huenda msomaji akauliza kwanza habari ya mwanasesere mwenyewe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Wenzake walipojificha kwa haya alipoingia, Mtume aliwarudisha wakacheze naye. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wengi wamewaruhusu watoto mchezo huu, ingawa wako walioona heri kuuepuka. Ama nyumba yenyewe, hiyo haina roho; ni mbao na gundi tu.

KAZI YENYEWE

Ndani ya kasha mna mbao nyembamba zilizokatwa kwa mashine na kutiwa nambari. Mwenye pupa hufungua gundi mara moja, akaharibu. Fundi huzisugua kingo kwa msasa kwanza, akaisimamisha nyumba nzima bila gundi, akaona kama kila ulimi waingia tunduni mwake. Kisha huibomoa, akapaka rangi kuta za ndani zikiwa bado zimelala, kwani nyumba ikishasimama brashi haifiki pembeni. Rangi hupakwa nyepesi mara mbili, si nzito mara moja, na mkono wa pili hungoja wa kwanza ukauke. Gundi huja mwisho.

Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili. Chumba cha upana wa mita 2.40 huwa sentimita 20, na ukuta wa nusu mita huwa kama sentimita 4. Mtoto hujifunza hesabu bila ya kujua kuwa yuko darasani.

NYUMBA YA NANI?

Lakini tuitazame nyumba hiyo ikishakwisha. Ina paa la mwinuko, bomba la moshi na mahali pa kuotea moto. Mlango ukifunguliwa, mgeni yumo sebuleni mbele ya wenyeji. Daka haina, wala baraza. Mwenye kuijenga amejenga nyumba ya watu wengine.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilipangwa kwa adabu. Mgeni hupokewa dakani. Akipita ndani kidogo hukuta tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na ndani kabisa ndiko kwa wenyewe, penye zidaka ukutani. Kila hatua ina setiri yake. Hata upana wa vyumba ulitokana na mikoko, kwa kuwa dari haiwezi kupita urefu wa boriti. Nayo nyumba ya miti na udongo, iliyo ya wengi vijijini, ina utaratibu wake: husimamishwa nguzo, zikafungwa fito, likaezekwa paa la makuti, na kuta zikakandikwa.

Jambo hili lina uzito kwa watu wa Mkokoni na vijiji jirani. Wakati wa vita vya mashifta, kuanzia 1963, Wabajuni wengi waliyahama makazi yao ya bara wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wajukuu wao wamekulia katika nyumba za matofali na mabati. Mjukuu asiyeona fito zikifungwa, atajuaje tofauti ya pau na mazio?

Basi tuchukue utaratibu wa kasha, tuache nyumba yake. Babu akate vijiti kutoka mabaki ya fito za zamani, maana mikoko mibichi haikatwi ovyo, avitie nambari, na ampe mtoto jina la kila kimoja kabla ya kumpa gundi. Ukuta ukandikwe udongo, upakwe chokaa, na makuti yasukwe madogo. Ufundi haukosekani pwani hii. Mwaka 1997 mtaalamu wa bahari Julie Church aliwaona watoto wa Kiwayu wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa kandambili zilizotupwa ufuoni na maji, na kutoka hapo ikazaliwa kazi inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole.

Nyumba ya mwanasesere huachwa upande mmoja wazi, ili mkono wa mtoto uingie. Sisi nasi tuingize hapo majina ya nyumba zetu, kwani udongo ungali maji.