Uoto na Rutuba: Jinsi ya Kuuhoji Udongo

Ni imani iliyokita mizizi miongoni mwa wakulima kwamba ardhi iliyofunikwa na mimea ina rutuba kuliko ardhi tupu. Imani hiyo ina msingi, lakini kuithibitisha si jambo jepesi. Makala haya yanaeleza namna jaribio la aina hii linavyofanywa na jinsi linavyoweza kumpotosha mtafiti, hususan katika udongo wa magharibi mwa Kenya.

Neno rutuba lenyewe lina hila. Hukusanya mambo mengi kwa pamoja: mboji, unyevu, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, ilhali maabara hupima kimoja kimoja. Udongo unaweza kunawiri kwa hiki ukafukarika kwa kile.

Tuseme udongo ulio chini ya mti umepatikana kuwa na naitrojeni nyingi kuliko ule wa uwanjani. Je, mti ndio ulioleta naitrojeni hiyo, au uliota pale kwa kuwa palikuwa na rutuba tangu hapo? Isitoshe, mifugo hupumzika kivulini na kuacha samadi. Ndiyo sababu mtafiti huanza na shamba moja lenye udongo wa namna moja, akaligawa vipande, akapima kila kipande kabla ya kupanda chochote, kisha akapiga kura kuamua kipi kifunikwe na kipi kiachwe kitupu. Kila hali hurudiwa katika vipande vitatu au vinne. Udongo huchotwa sehemu kadhaa za kila kipande, kwa kina kile kile, ukachanganywa. Sampuli za kupimia nitrati huwekwa penye baridi na kupimwa upesi, maana vijiumbe huendelea na kazi yao hata ndani ya mfuko.

Siku ya kuchota nayo ina uzito wake. Mnamo 1958, H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga, karibu na Nairobi, alieleza jinsi udongo uliokauka unapoloweshwa unavyotoa naitrojeni kwa ghafla: vijiumbe huamka na kuishambulia mboji. Jambo hili huitwa athari ya Birch. Basi anayechota udongo siku chache baada ya mvua ya kwanza aweza kukuta nitrati nyingi katika kipande kitupu kuliko kile chenye mimea. Kipande kitupu kilikauka zaidi, na hakina mizizi ya kuifyonza nitrati hiyo. Mwenye kupima mara moja tu angeshauri mimea ing'olewe! Ilhali nitrati hiyo haina wa kuishika. Mvua ikizidi, huzama. Ile ya kipande cha pili imo ndani ya majani na mizizi, na sharti mimea nayo ipimwe.

Huzama hadi wapi? Katika miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF na wenzao walichimba chini zaidi katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, wakakuta nitrati imelundikana kati ya nusu mita na mita 2, mahali ambapo mizizi ya mahindi huifikia kwa shida. Shamba lilipopumzishwa kwa kupandwa Sesbania, mti wa jamii ya kunde unaokua haraka, nitrati hiyo ya chini ilipungua. Mizizi iliifuata, na majani yalipoanguka yakairudisha juu. Kipimo cha sentimita 15 za juu pekee kisingeonyesha safari hiyo.

Fosforasi ni kisa kingine. Mimea ya jamii ya kunde, ikishirikiana na bakteria wa mizizini, hutwaa naitrojeni hewani. Fosforasi haimo hewani. Majani ya Tithonia, ua la manjano la kando ya njia, yana fosforasi ya kutosha kuamsha mahindi, lakini yameitoa katika udongo wa ua ule yalikokatwa. Kipande kimoja kikineemeka, kingine kimepungukiwa. Mashamba mengi ya eneo hilo yana uhaba wa fosforasi, na huko uoto pekee hautoshi. Mbolea ya fosfati huhitajika. Mkulima aliyeambiwa kwamba majani yatamtimizia yote huja kuligundua hilo wakati wa mavuno.