Macho Nayo Husimamisha Mwili



Mtazameni mwanamke aliyezoea kubeba kitunga kichwani akipita katikati ya soko. Shingo imenyooka, kichwa hakigeuki ovyo, lakini macho hayalali: yanaona jiwe, yanaruka kwa mtoto anayepita, yanarudi njiani. Tunasema nguvu yake iko shingoni na miguuni. Ni kweli, lakini macho nayo yanabeba sehemu ya mzigo huo. Juma hili tunapenda kueleza jambo hilo, kwa sababu vijana wetu, na zaidi wasichana, ndio tunaowatuma maji na kuni. Akianguka na bidoni, mara nyingi tunamwita mzembe kabla ya kumuuliza ameanguka namna gani.

Mwili hausimami kimya

Hata kijana mwenye afya, akiambiwa asimame bila kutikisika, anayumba kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Haonekani kwa macho, lakini akisimama juu ya kibao cha kupimia, kipimo kinaonyesha. Ubongo unamrudisha katikati kila mara, na ili ufanye hivyo unapokea habari kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni nyayo, misuli na viungo, vinavyosema ardhi ikoje. Ya pili ni sikio la ndani: kila sikio lina mirija mitatu midogo yenye maji, inayosikia kichwa kikigeuka. Ya tatu ni macho.

Katika miaka ya 1840 mganga wa Berlin, Moritz Romberg, aliandika juu ya wagonjwa waliosimama vizuri mchana, lakini wakifumba macho au wakiwa gizani waliyumba na kuanguka. Nyayo zao zilikuwa hazipeleki tena habari, macho peke yake ndiyo yaliyowashikilia. Hadi leo waganga wanatumia kipimo hicho: simama, unganisha miguu, fumba macho.

Mwaka 1974 watafiti David Lee na Eric Aronson waliwaweka watoto wadogo, waliotoka tu kujifunza kusimama, ndani ya chumba ambacho kuta zake zilisogezwa huku sakafu ikibaki palepale. Watoto wengi waliyumba, wengine wakaanguka, na hakuna aliyewasukuma. Macho yaliwaambia kwamba wanaanguka, na mwili ukatii.

Kutazama kwa namna mbili

Kwa vijana wenye afya, watafiti wamepima pia kinachotokea macho yenyewe yanapotembea huku kichwa kikitulia. Macho yana mwendo wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuruka: kutoka kitu hiki hadi kile, haraka sana. Tunafanya hivyo karibu mara tatu kila sekunde, hata sasa mnaposoma mstari huu. Wakati wa kuruka, ubongo unaacha kwanza kusikiliza picha, halafu unaipokea tena macho yakitua. Vipimo vingi vimeonyesha kwamba macho yakiruka kati ya alama mbili, kijana hayumbi zaidi kuliko akikazia macho alama moja. Mara nyingi huyumba hata kidogo zaidi.

Namna ya pili ni kufuata: macho yanasindikiza kitu kinachosogea polepole, kama ndege au gari. Hapo vitu vingine vyote vinapita nyuma machoni kama vile ndivyo vinavyosogea. Ubongo unapata kazi ya kutambua: ni kitu kinachokwenda, au ni mimi? Katika vipimo, kijana anayefuata kitu kwa macho huyumba zaidi kuliko anayetazama alama iliyotulia.

Tuseme ukweli: tofauti hiyo ni ndogo, na kijana mzima haanguki kwa sababu ya kufuata ndege kwa macho. Lakini mwekeeni bidoni ya lita 20, matope ya mvua, giza la jioni na uchovu wa siku nzima. Kila kimoja kinapunguza msaada, na kile kidogo cha macho kinaanza kuwa na maana.

Jaribuni nyumbani

Kijana asimame karibu na ukuta, miguu imeunganishwa, mtu mmoja kando yake wa kumshika. Kwanza akazie macho alama moja ukutani, ahesabu hadi 20. Pili afumbe macho. Tatu afungue macho na kufuata kidole chenu kinachosogea polepole, kichwa kisigeuke. Nne arukishe macho kati ya alama mbili. Mwulizeni wapi nyayo zake zilifanya kazi zaidi. Wengi hujibu mara moja: nilipofumba macho.

Tunayoweza kuwafundisha

Kwanza, mwenye mzigo akitaka kutazama moto au gari linalopita, asimame kwanza, akanyage vizuri. Asilisindikize kwa macho huku akitembea. Atupe jicho, alirudishe njiani.

Pili, anayebeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso anainamisha kichwa, na anaona sehemu ndogo tu ya njia. Apewe mzigo mdogo, na asitangulie peke yake kwenye mteremko.

Tatu, maji yachotwe kabla ya giza. Kama haiwezekani, taa iangaze njia, isiangaze uso.

Nne, simu ibaki mfukoni kwenye ngazi na kwenye mteremko. Macho yaliyo kwenye simu hayaioni njia.

Tano, bibi na babu nyumbani huyumba zaidi kuliko vijana. Kataa yao ya usiku ya kwenda chooni ni hatari kama hawana mwanga. Taa ndogo karibu na kitanda ni dawa ya bei nafuu.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Msingoje kama kijana anaona nyumba inazunguka, kama macho yake yanatikisika yenyewe, kama anaanguka mara kwa mara gizani, kama sikio linatoa usaha, au kama ghafla miguu imekuwa mizito. Kwa anayetumia kinini, kizunguzungu na mlio masikioni vinaweza kutoka kwenye dawa yenyewe: asiiache kimya kimya, amwambie muuguzi.

Katika kikao chenu kijacho cha likelemba, tunaomba muulizane swali moja: kati ya watoto tunaowatuma maji, nani ameanguka mwezi huu, wapi, na saa ngapi? Kama majibu yanataja njia moja au saa ile ile, basi kosa si la mtoto. Njia hiyo inaweza kutengenezwa, na saa hiyo inaweza kubadilishwa.