Mkanda wa reisi katika gari ya njia: hesabu ya mwenye gari Mkoani

MWENYE gari anayesubiri mali yake ishuke melini katika bandari ya Mkoani huwa ameshapiga hesabu zake zote: bei ya kununulia, ushuru, nauli ya meli, bima na matairi. Hesabu moja hubaki nyuma mara nyingi, nayo ni ya viti na mikanda. Hiyo ndiyo inayoweza kula mtaji wote kwa siku moja, na roho za watu pamoja nao.

Kwa Mpemba mwenye akiba ya msimu wa karafuu, gari ni kitega uchumi kinachoeleweka kwa urahisi. Njia ya Mkoani hadi Chake Chake ina abiria, na fedha huonekana kila jioni. Gari nyingi ni zile zilizotumika Japani. Baadhi, hasa Toyota HiAce, zilitengenezwa kubeba mizigo tu. Viti vya abiria huongezwa na mafundi wa huku kwa kuchomelea. Pamoja na gari hizo sokoni huja pia viti na mikanda ya mashindano yenye majina makubwa kama Recaro, Bride, Sparco na Takata. Nakala bandia za majina hayo nazo zimezagaa duniani. Kijana mwenye gari huvutiwa na rangi, akaamini kwamba kinachomfaa dereva wa reisi kitamfaa zaidi dereva wa Mkoani.

Je, imani hiyo ina faida kibiashara? Jibu linategemea bolti zaidi kuliko kitambaa.

Uzito wa abiria mmoja

Chukua mtu wa kilo 70 ndani ya gari inayokwenda kilometa 50 kwa saa. Gari ikigonga na mtu huyo akasimamishwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mkanda wake hubeba nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani moja. Huo ni mzigo wa magunia 10 ya kilo 100, unaoning'inia kwenye bolti chache na kipande cha bati la sakafu.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Mkanda wa bei ghali uliofungwa kwenye bati jembamba lililoliwa na kutu ni fedha iliyotupwa. Katika kisiwa chenye hewa ya chumvi, na kwa gari inayovuka bahari juu ya sitaha, kutu ya sakafu si jambo la kubahatisha.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, limeweka masharti yanayoweza kumsaidia hata fundi wa gereji ndogo. Kila sehemu ya kufungia mkanda iweze kuhimili karibu tani moja na nusu. Ile ya mkanda unaopita katikati ya mapaja ihimili zaidi ya kilo 700. Mahali pasipokuwa na tundu la kiwandani, huwekwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 40 za mraba, ili bolti isichomoke na kupasua bati. Kiti hushikwa kwa sehemu nne zisizopungua, kila moja ikiwa na bolti ya milimita 8 au zaidi. Mikanda ya mabegani ielekee nyuma bila kushuka kupita nyuzi 45. Inashauriwa isizidi nyuzi 10. Ukiishusha moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti, wakati wa ajali itavuta mabega chini na kuukandamiza uti wa mgongo.

Reisi si barabara

Mkanda wa kawaida wa sehemu tatu, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo na kuingizwa katika gari za kuuzwa mwaka 1959, una kifaa cha kujikunja. Humwachia dereva ageuke, atazame nyuma, apokee nauli, kisha hujifunga gari inapotikiswa ghafla. Mkanda wa reisi hauna uhuru huo. Dereva akiukaza inavyotakiwa, hawezi kuinama wala kutazama vizuri penye njia panda. Akiulegeza ili apumue, umepoteza kazi yake.

Kuna hatari nyingine mbili. Mkanda wa sehemu nne usio na ule wa mapajani unaweza kumfanya mtu ateleze chini yake, mkanda wa kiunoni ukapanda tumboni na kuumiza viungo vya ndani. Aidha, gari ya reisi ina fremu ya mabomba ya chuma inayozuia paa lisibonyee. Gari ya njia haina. Ikipinduka, mtu aliyebanwa wima hana nafasi ya kuinama paa linaposhuka juu ya kichwa chake.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hutumia vifaa hivi vikiwa pamoja: kiti, mkanda, fremu, kofia na kizuizi cha shingo. Mwenye gari anayenunua kimoja kati ya vitano amenunua sehemu ya mashine, si mashine.

Somo kutoka Nairobi

Wafanyabiashara wanaotaka kujua soko hili huendaje wakumbuke Kenya. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: kila abiria wa matatu awe na mkanda, na gari ziwe na kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa. Gari ambazo hazikuwa tayari zilibaki nje ya barabara na abiria wengi wakatembea kwa miguu. Mahitaji ya mikanda yalipanda ghafla kwa sababu wenye gari walingoja siku ya mwisho.

Somo ni mawili. Kwa mwenye duka la vipuri, bidhaa ya usalama hulala rafuni muda mrefu kisha huondoka yote kwa mkupuo sheria inapobana. Kwa mwenye gari, anayefunga mapema huchagua fundi na bei. Anayefunga kwa kulazimishwa huchaguliwa.

Hesabu ya mwekezaji mdogo

Vifaa vya reisi vina tarehe ya mwisho. Kiti chenye kiwango cha FIA 8855-1999 huhesabiwa miaka 5 tangu kutengenezwa. Ukiuziwa kilichobakiza mwaka mmoja kwa nusu ya bei ya kipya, umeona rahisi, lakini kwa mwaka umelipa mara mbili na nusu ya aliyenunua kipya. Mkanda uliopitia ajali kubwa hauna bei kabisa. Nyuzi zake zimeshavutika.

Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, ya mwaka 2003, na mwenye gari anapaswa kuuliza ofisi ya ukaguzi kabla ya kubadili viti, si baada ya kukamatwa. Vivyo hivyo kwa bima, iwe ya Shirika la Bima la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1969 au ya kampuni binafsi. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli. Badiliko kubwa lisilotajwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Kwa sasa, uwekezaji wenye busara Mkoani ni huu. Mwenye daladala arudishe viti na mikanda ya kiwandani ya sehemu tatu, yenye alama ya E ndani ya duara, badala ya kununua jina la reisi. Mwenye duka aweke bolti zenye namba 8.8 kichwani, mabamba ya milimita 3 na mikanda yenye kifaa cha kujikunja. Fundi mwenye mtaji mdogo aanze na kazi ya kukagua sakafu: kubandua zulia, kugonga bati kwa nyundo, kukata kilichooza na kuchomelea kipya kabla ya kufunga bolti hata moja. Kazi hiyo haina rangi ya kuvutia, na mteja huenda akalalamikia bei. Aonyeshwe bati lililooza mkononi, kisha aamue mwenyewe.