Nguo Isiyoonekana Nayo Yataka Heshima

Huenda baadhi ya wasomaji wa safu hii wakastaajabu kuona leo tunazungumzia sidiria. Mzee mmoja wa barazani, nilipomdokezea nia yangu ya kuandika makala haya, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mambo ya ndani huachwa ndani." Namheshimu mzee wangu, lakini katika hili sikubaliani naye. Chuoni tulikosomea Kurani, mwalimu alitufundisha masharti yote ya tohara, hedhi na nifasi yakiwemo, bila ya kutafuna maneno. Alisema kuwa ajuaye hana cha kuonea haya, na asiyejua ndiye atakayeaibika. Hata jina lenyewe halina siri, kwani limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kifua.

Kwa ruhusa ya mke wangu, nitaeleza kosa langu mwenyewe. Aliniomba fedha za kununua sidiria mbili mpya. Nilimjibu kwa kebehi, "Nani atakayeziona?" Akanyamaza, akaenda gulioni akachagua katika lundo la mitumba. Zilikuwa zimekwisha kulegea, naye kwa kuwa nazo chache alizivaa hata zikiwa na unyevu. Haukupita muda mrefu akaanza kuwashwa chini ya matiti, ngozi ikawa nyekundu na kuchubuka. Muuguzi wa zahanati alimweleza kuwa hao ni fangasi, ambao hustawi penye jasho na unyevu. Kisha akamwuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: "Mama, nguo zako za ndani unazianika wapi?"

Nyuma ya kitanda, alijibu. Na hivyo ndivyo wafanyavyo kina mama wengi. Kwa kuona haya mbele ya wakwe na wapangaji wenzao, huzificha sidiria gizani, mahali pasipo na jua wala upepo. Nguo hukauka nusu, ikaota ukungu, kisha ikarudishwa mwilini. Yafaa ieleweke pia kwamba yupo nzi ambaye hutaga mayai juu ya nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai hayo yakianguliwa, mabuu huingia katika ngozi ya mvaaji na kutokeza mfano wa majipu. Pasi ya moto huyaua, lakini mpira wa sidiria hauvumilii pasi. Kwa hiyo kinga iliyo bora ni kuanika juu ya kamba, penye upepo, ndani ya chumba chenye dirisha la wavu. Hapo haya imehifadhiwa, na afya nayo imehifadhiwa.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kupiga marufuku biashara ya nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na marufuku hayo yana sababu ya kiafya. Lakini hata tukiiacha afya kando, hesabu yenyewe inatukataza. Tuchukue mfano wa sidiria ya Sh. 3,000 inayodumu miezi mitatu, na nyingine ya Sh. 10,000 inayodumu mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo, mwenye kununua ya kwanza atakuwa ametumia Sh. 18,000. Wahenga walisema kweli kwamba rahisi yavunja upishi.

Kabla ya kununua, hapana budi kupima. Kwa tepu ya fundi cherehani, mama apime kwanza mzingo wa kifua chini kidogo ya matiti, kisha mzingo wa matiti yenyewe. Kipimo cha kwanza ndicho namba ya mkanda. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo herufi ya kikombe: inchi 1 ni A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C, inchi 4 ni D. Viwanda hutofautiana kidogo, kwa hiyo ni vyema kuijaribu. Mzigo hubebwa zaidi na mkanda wa chini kuliko kamba za mabegani. Kamba zinapokata mabega, aghalabu ni mkanda uliolegea. Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za nje kabisa, ili mpira utakapolegea zibaki za ndani za kukimbilia.

Ama kuhusu ufuaji, adui ni wanne: maji ya moto, dawa kali ya kung'arisha, kukamua kwa kusokota, na jua kali la mchana kutwa. Wote hula nyuzi za mpira. Sidiria ifuliwe kwa mkono, katika maji ya baridi au vuguvugu na sabuni isiyo kali, huku kulabu zimefungwa zisikwaruze nguo nyingine. Isuuzwe mpaka sabuni itoke, ibanwe polepole ndani ya taulo, vikombe virudishwe katika umbo lake, kisha itundikwe kwa katikati. Ikitundikwa kwa kamba zake, uzito wa maji utazivuta na kuzirefusha.

Wala si lazima kabati lijae. Sidiria tatu za kila siku zatosha: moja mwilini, moja kambani, na ya tatu ikipumzika, kwa maana mpira nao huhitaji siku ya kurudi katika hali yake. Mojawapo iwe ya rangi inayokaribia ngozi, isionekane chini ya blauzi nyeupe. Aongeze moja laini isiyo na waya kwa kazi za nyumbani. Anayenyonyesha avae pana kidogo, inayofunguka mbele, kwani inayobana yaweza kuziba njia za maziwa. Chupi za pamba ziwe za kutosha kubadili kila siku, na magagulo mawili, jeupe na jeusi, yamalize hesabu.

Neno la mwisho ni kwetu sisi kina baba. Twatoa fedha kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya kanga ya sikukuu, kwa kuwa majirani wataiona, lakini twasita kwa ajili ya nguo inayogusa mwili wa mama siku zote. Binti anayebaleghe hulirithi jambo hilo: hujifunza kuomba kwa woga, au kutoomba kabisa. Basi, katika bajeti ya nyumba, nguo hizi ziandikwe kwa jina lake, pamoja na sabuni na mafuta ya taa. Mke wangu amepona. Kamba yake sasa iko dirishani, nami ndiye niliyeipigilia misumari.