Bunduki ya Upepo: Je, Imilikiwe kwa Cheti?
Jeraha la bunduki ya upepo hudanganya. Kwenye kope huonekana kitobo mfano wa mchomo wa mwiba, damu haizidi tone, na mzazi huona yafaa mtoto apumzike tu; kumbe risasi imekwisha kupenya ndani ya jicho. Silaha hii haina baruti, lakini hewa iliyoshindiliwa yaweza kuirusha risasi kwa mwendo unaozidi mita 200 kwa sekunde. Mwendo ulio chini sana ya huo hutosha kutoboa ngozi. Ikiwa ni gololi ya chuma, hata kipimo cha MRI huwa hatari, kwa kuwa sumaku yaweza kuisogeza ndani ya jicho.

Uingereza imegawanyika juu ya suala hili. Katika England na Wales, bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi jouli 16 hivi haihitaji cheti. Uskoti, ambako mtoto wa miaka 2 aliuawa kwa silaha hiyo mjini Glasgow mwaka 2005, ilitunga sheria mwaka 2015, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 kuwa nayo bila cheti cha polisi ni kosa.

Wapinzani husema karatasi haikingi jicho. Ni kweli. Lakini mwombaji hutakiwa kueleza sababu ya kuitaka silaha, na masharti humlazimu kuihifadhi mahali salama. Majeruhi niliowatibu wengi walikuwa watoto, na bunduki ilikuwa imeegemezwa tu nyuma ya mlango. Naunga mkono cheti.

Aliyejeruhiwa jicho asilisugue wala kulisafisha. Lifunikwe pasipo kukandamizwa, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.