Maabara za Nyuklia za Vyuo Vikuu na Kazi ya Kuzifunga
Sehemu ya Pili: Kinu cha Mlima Amba, Kinshasa

Maabara ya chuo kikuu iliyowahi kushughulika na urani, plutoni au kitu kingine chochote kinachotoa mionzi ya nyuklia hufungwa kwa hatua mbili ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa moja. Hatua ya kwanza ni kuacha kazi, nayo ni rahisi, kwa kuwa huhitaji tu kuzima mitambo, kufunga milango na kuwapeleka watafiti mahali pengine. Hatua ya pili ni kuondoa mada zote za mionzi, kusafisha au kubomoa kila kilichoguswa nazo, na kuthibitisha kwa vipimo kwamba jengo linaweza kutumiwa na mtu yeyote bila ulinzi wa pekee, na hatua hiyo huweza kuchukua miaka mingi kuliko ile ambayo maabara yenyewe ilifanya kazi. Muda ulio kati ya hatua hizo mbili ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake hatari ingali ipo ilhali wataalamu wameondoka, bajeti imepungua na wakuu wa chuo wameelekeza macho kwenye mambo mapya.

Burundi haijawahi kuwa na kinu cha nyuklia, yaani mtambo ambamo viini vya urani hupasuliwa kwa utaratibu unaodhibitiwa, lakini historia ya kinu cha kwanza katika bara zima la Afrika haiko mbali na Bujumbura. Tangu mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ikawa makao ya makamu wa gavana mkuu, kwa hiyo maamuzi makubwa ya elimu ya juu na sayansi katika eneo hili yalifuata mkondo mmoja kutoka Brussels. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa mwaka 1954 juu ya Mlima Amba pembeni mwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kilikuwa sehemu ya mkondo huo, na mkuu wake wa kwanza, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na pia mwanafizikia wa nyuklia.

Urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka kwa kiasi kikubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliomilikiwa na kampuni ya Union Minière. Baada ya vita, Marekani ilipoanza kugawa maarifa ya atomiki kwa matumizi ya amani, Gillon alidai kwamba nchi iliyotoa madini hayo isibaki mtazamaji wa sayansi yake, na dai hilo lilikuwa la haki. Matokeo yake ni kwamba Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, kinu kilichoitwa TRICO kiliwashwa Lovanium kikiwa na uwezo wa kilowati 50. Kilikuwa cha aina ya TRIGA, iliyobuniwa na kampuni ya General Atomics ya Marekani kwa ajili ya vyuo vikuu na hospitali. Kilisimamishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 kikafuatwa na TRICO II chenye uwezo wa kilowati 1,000, ambacho kilitumika kufundishia, kutengeneza isotopu za matibabu na za kilimo, na kuchambua madini na udongo.

Usalama wa kinu cha TRIGA unatokana na fueli yake. Urani yake, ambayo kwa kawaida imerutubishwa chini ya asilimia 20 na kwa hiyo haifai kutengenezea bomu, huchanganywa na zirkoni na hidrojeni ndani ya fimbo zinazosimamishwa chini ya maji. Fimbo zinapopata joto, hidrojeni iliyomo huziongezea kasi nutroni, yaani chembe zinazopasua viini vya urani, na nutroni zenye kasi zaidi hupoteza uwezo wa kuendeleza upasuaji huo, hivyo kinu hujipunguza nguvu chenyewe kabla mwendeshaji hajagusa chochote. Ni ubunifu wa kusifiwa, nao ndio uliofanya mtambo wa namna hiyo uruhusiwe kuwekwa katikati ya wanafunzi. Hata hivyo, usalama huo ni wa wakati wa kazi tu. Kinu kikishazimwa, fimbo zilizotumika hubaki na masalia ya upasuaji kama vile sezi-137 na stronti-90, ambayo kila moja ina nusu-uhai wa karibu miaka 30, yaani muda ambao nusu ya viini vyake hubadilika kuwa kitu kingine, na sifa yoyote ya mtambo haiwezi kufupisha muda huo.

TRICO II hakijafanya kazi tangu mwaka 2004. Mara kadhaa yametajwa matumaini ya kukiwasha upya, na matumaini hayo yanaeleweka kwa taifa linaloona fahari kuwa la kwanza barani, lakini kinu kinachosubiri kuwashwa hakipangiwi kubomolewa, na kinu kisichopangiwa chochote hubaki kikilindwa kwa mazoea. Hapo ndipo ugumu wa Kinshasa ulipo. Mwenye kinu amebadilika zaidi ya mara moja: Lovanium iliunganishwa mwaka 1971 na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, ambacho nacho kiligawanywa mwaka 1981 na kuzaa Chuo Kikuu cha Kinshasa, huku usimamizi wa kinu ukiwa mikononi mwa Kamisheni Kuu ya Nishati ya Atomiki. Kila mabadiliko ya namna hiyo huleta swali la nani amepokea daftari la hesabu ya fueli kutoka kwa nani, na ni nani aliyehesabu fimbo kwa macho yake badala ya kutia saini orodha aliyoikuta.

Swali hilo lilipata jibu la kutisha mwaka 1998, polisi wa Italia walipoikamata mikononi mwa wahalifu mjini Roma fimbo ya fueli ya TRIGA iliyokuwa imetoka Kinshasa. Fimbo ya aina hiyo ni nyembamba na fupi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuibeba, na ikiwa haijatumika ndani ya kinu, mionzi yake ni hafifu, hivyo haimdhuru mwizi papo hapo wala haimfichui kwa urahisi. Haikuwa na uwezo wa kuwa bomu. Ilikuwa ushahidi, hata hivyo, kwamba katika maabara ya nyuklia daftari linaweza kuwa muhimu kuliko ukuta wa zege, kwa kuwa kilichoibwa kutoka mahali pasipohesabiwa hujulikana tu siku kinapokamatwa nje.

Mgodi wa Shinkolobwe wenyewe ni mfano wa ufungaji usiokamilika. Wabelgiji waliufunga kwa kuziba mashimo yake kwa zege wakati wa uhuru, lakini baadaye eneo hilo halikulindwa ipasavyo, na bei ya kobalti ilipopanda, wachimbaji wadogo waliingia kwa maelfu kuchimba palepale. Januari 2004 serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kuufunga rasmi, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Zege na amri ya serikali vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa pale, mshahara wake, na njia nyingine ya riziki kwa waliokuwa wakichimba.

Kazi ya kufunga maabara kitaalamu huanza na uchunguzi wa yaliyopita. Wachunguzi hukusanya ramani za jengo, leseni za zamani na madaftari ya majaribio, kisha huwatafuta mafundi na wahudumu wa maabara waliostaafu, kwa sababu mara nyingi ni fundi, wala si profesa, anayekumbuka chupa ilipomwagika, bomba lililobadilishwa usiku au sakafu iliyomwagiwa zege jipya ili kufunika doa. Yatima wa maabara nyingi ni bomba la maji machafu: kilichomiminwa katika sinki miaka arobaini iliyopita huweza kuwa kimeganda kwenye viungo vya mabomba chini ya sakafu, mahali ambapo kipimo kinachopitishwa juu ya vigae hakioni kitu. Vivyo hivyo kwa njia za hewa, ambazo vumbi la urani hutulia ndani yake bila mtu kujua.

Baada ya uchunguzi huo huondolewa fueli na vyanzo vyote vya mionzi, ambavyo hubeba sehemu kubwa kabisa ya hatari yote, na ndiyo maana jengo ambalo fueli yake haijaondoka haliwezi kusemwa kuwa limeanza kufungwa. Kinachobaki ni cha aina mbili. Kuna uchafuzi, yaani mada ya mionzi iliyokaa juu ya uso wa kitu, ambayo huweza kufutwa, kukwanguliwa au kuoshwa, na kuna unururifu uliozaliwa ndani ya kitu chenyewe, pale nutroni za kinu zilipogeuza atomi za kawaida za chuma na zege kuwa kobalti-60 yenye nusu-uhai wa miaka 5.3 au europi-152 yenye nusu-uhai wa miaka 13.5. Huo wa pili haufutiki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo wahandisi hutoboa ukuta unaozunguka kinu, hutoa sampuli za zege kutoka kila kina, na hukata tu sehemu iliyozidi kiwango ili wingi wa taka za mionzi usiongezeke bila sababu. Mwishoni hufanyika upimaji wa jengo zima, chumba kwa chumba, na mdhibiti wa serikali, ambaye hapaswi kuwa mtu wa chuo chenyewe, hurudia vipimo hivyo kabla ya kuliondoa jengo katika usimamizi wake. Kigezo kinacholinda umma ni kikali: katika shughuli za namna hii mwananchi wa kawaida hapaswi kupata zaidi ya milisiveti moja kwa mwaka.

Kwamba kazi hiyo inawezekana kumeshathibitishwa. Chuo cha Imperial cha London kilikuwa na kinu cha kilowati 100 huko Silwood Park karibu na Ascot, kilichowashwa mwaka 1965 na kuzimwa mwaka 2012. Fueli iliondolewa mwaka 2014, na ubomoaji ukaendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Ikumbukwe kwamba kinu hicho kilikuwa na uwezo wa sehemu moja ya kumi tu ya TRICO II, katika nchi yenye reli, maghala ya taka za nyuklia na wataalamu kwa mamia. Kwa upande wa Afrika, Ghana ilirudisha China mwaka 2017 urani iliyorutubishwa sana ya kinu chake cha utafiti karibu na Accra na kuweka fueli isiyofaa kwa silaha. Juhudi za kimataifa zimeelekezwa zaidi kwenye urani ya aina hiyo inayoogopwa, na fueli kama ya Kinshasa, iliyorutubishwa kidogo, haipati wafadhili kwa wepesi uleule. Upendeleo huo si wa haki kwa wakazi wa jirani, kwa kuwa sezi-137 huwadhuru binadamu bila kujali asili ya fueli iliyoizaa.

Msomaji wa Bujumbura anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu kitu kidogo kuliko kinu kinatosha kuleta maafa. Huko Goiânia, Brazili, zahanati ya matibabu kwa mionzi ilihama jengo lake mwaka 1985 na kuacha mashine yenye sezi-137. Septemba 1987 watu wawili waliingia katika magofu hayo, wakang'oa sehemu ya mashine yenye chanzo hicho na kuiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, ambaye alivutiwa na unga wa sezi wenye mwanga wa buluu hata akawagawia ndugu na marafiki. Watu wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya watu 112,000 walilazimika kupimwa. Mlolongo huo, wa jengo lililoachwa, chuma kizito na mnunuzi asiyejua, unaweza kutokea katika mji wowote wenye biashara ya chakavu, na karakana za mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura hazina kinga ya pekee. Vitivo vya kilimo na maabara za barabara duniani kote hutumia vipimo vya unyevu wa udongo vyenye ameriki-241, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 432, na chombo kama hicho kikiharibika huonekana kwa macho kuwa chuma tu cha kutupwa. Mashine ya eksirei ya hospitali, kinyume chake, haitoi mionzi ikiwa haina umeme, na tofauti hiyo inapaswa kufundishwa kwa kila mtunza stoo.

Burundi ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwaka 2009, na kanuni za shirika hilo zinataka mpango wa awali wa kufunga uandikwe kabla mtambo haujapewa leseni ya kuanza kazi. Kanuni hiyo ni ya busara, kwani siku ya ufunguzi ndiyo siku ambayo fedha zipo, mfadhili yupo na muuzaji bado anatafuta kupendeza. Ndiyo siku ya kumwandikia katika mkataba sharti la kukichukua tena chanzo chake kikizeeka, na ndiyo siku ya kuweka kando fedha za ubomoaji. Tanzania, ambayo Tume yake ya Nguvu za Atomiki ina ghala la kitaifa la taka za mionzi mjini Arusha, imeonyesha kwamba nchi isiyo na kinu inaweza kukusanya vyanzo vilivyochoka badala ya kuviacha katika kabati za hospitali na vyuo. Wakuu wa Chuo Kikuu cha Burundi na wizara zinazohusika wanaombwa wasingoje kituo cha kwanza cha tiba ya mionzi ndipo waanze: orodha ya kila chanzo kilichopo sasa katika maabara, hospitali na makampuni ya barabara iandikwe mwaka huu, itiwe saini na mtu mwenye jina na cheo, na ikaguliwe upya kila mwaka na mtu mwingine asiye yeye.