Kwa nini dawa iliyotibu jana haitibu leo: vipande vinavyohama ndani ya bakteria

Mfugaji ananunua antibiotiki, anawapa kuku wake, nao wanapona. Baada ya muda dawa ile ile haisaidii tena, naye anasema ameuziwa dawa bandia. Huenda ni kweli. Lakini dawa inaweza kuwa nzima kabisa, ila bakteria ndio waliobadilika. Leo tunaeleza moja ya njia wanazobadilikia, na kwa nini inamhusu hata asiyefuga.

Maelekezo ya maisha ya bakteria yameandikwa kwenye uzi mrefu uitwao DNA. Tuufananishe na uzi wa shanga za rangi nne. Mpangilio wa shanga ndio maelekezo, na sehemu yenye maelekezo ya kazi fulani huitwa jeni.

Kwenye uzi huo kuna vipande visivyotulia mahali pamoja, viitwavyo transposoni. Aliyevigundua kwanza ni Barbara McClintock wa Marekani, miaka ya 1940, akichunguza punje za mahindi zenye madoadoa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Baadaye vilionekana kwenye bakteria pia.

Kipande kidogo cha namna hii huwa na shanga kama elfu moja au mbili. Shanga za ncha zake mbili zinafanana, ila zimegeuzwa, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Katikati kuna maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi. Mkasi huo hutambua zile ncha mbili, hukata kipande, kisha hukata uzi mahali pengine na kukichomeka hapo.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na mkasi hukata mmoja mbele kidogo ya mwingine. Kipande kikishaingia, pengo dogo hubaki kila upande. Bakteria huyaziba kwa kunakili shanga zilizokosekana, hivyo shanga chache zile zile huonekana pande zote mbili za mgeni. Kwa alama hiyo wanasayansi hujua kwamba kipande kilihamia hapo.

Hatari huanza vipande viwili vinapokaa kushoto na kulia kwa jeni inayomkinga bakteria dhidi ya dawa. Mkasi unaweza kukata ncha za nje tu, na vyote vitatu vikahama pamoja, jeni ikiwa kama abiria katikati. Ikifika kwenye plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA kilicho pembeni ya uzi mkuu, safari inakuwa ndefu zaidi. Bakteria wakigusana hupeana nakala za plasmidi, hata kama si wa aina moja.

Hayo yalionekana China. Madaktari hutunza dawa ya kolistini kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Lakini huko ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe ili wakue haraka. Novemba 2015 wanasayansi walitangaza kwamba jeni ya usugu dhidi ya kolistini, iitwayo mcr-1, imepatikana kwenye plasmidi za bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa hospitalini. Jeni hiyo ilibebwa na transposoni. Muda si mrefu ilipatikana katika nchi nyingi za mabara mbalimbali.

Mwaka 2017 China ilizuia kolistini kutumika kukuza mifugo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha usugu huo umepungua kwa nguruwe na kwa watu pia.

Tuelewane hapa: si lazima dawa ndiyo iliyokihamisha kipande. Vipande huhama vyenyewe, na mara chache. Kazi ya dawa ni kuua bakteria wasio na jeni ya usugu, na aliye nayo akabaki peke yake na nafasi tele ya kuzaana. Kila dozi isiyohitajika inampa nafasi hiyo.

Kwa hiyo usimpe mnyama antibiotiki ili akue haraka wala "kwa tahadhari" tu. Muulize mtaalamu wa mifugo kwanza, fuata kipimo na siku alizokupa, na nawa mikono kwa sabuni ukitoka bandani. Bakteria wa kwenye banda la kuku anaweza kumpa jeni yake bakteria wa tumboni mwa mtoto wako, na siku mtoto akiugua, dawa ikakosa nguvu.